TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 25: Faqihi aliyeujua moyo

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Alhamdulillah, leo tumefika tarehe 25. Kesho jua likizama tunaingia usiku wa 27. Najua miili imechoka. Kuna waliosimama tahajudi mpaka miguu ikavimba, na kuna waliolala mapema, Mungu atusamehe sote. Kaa kitako dakika kumi tuzungumze, kisha uendelee na shughuli zako.

Mwezi mzima huu tunautaja moyo. Tunasema moyo umeota kutu, moyo umekuwa jiwe, ewe Mola tusafishie nyoyo zetu. Na Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kuwa kutengenea kwa mtu mzima kunategemea kipande kimoja cha nyama kilichomo kifuani. Sawa. Lakini hebu nikuulize: hicho kipande chenyewe unakijua? Kinafanya kazi gani hapo ulipo, umekaa na simu mkononi, tumbo tupu tangu alfajiri?

Leo nakuletea mtu aliyekijua moyo kwa pande zote mbili. Alikuwa faqihi wa madhehebu ya Imam Shafii, haya haya tunayoyafuata wengi huku pwani, na alikuwa tabibu. Asubuhi anafundisha sheria, akitoka hapo anashika mkono wa mgonjwa kusikiliza mshipa. Jina lake *Alaauddin Ali bin Abil Hazm al-Qarshi*, na dunia inamfahamu kwa jina la *Ibn al-Nafis*.

*1. KIJANA WA SHAM*

Alizaliwa katika nchi ya Sham, karibu na Damascus, mwanzoni mwa karne ya 13, yapata mwaka 1210 au 1213. Alisoma kama walivyosoma watoto wa wakati ule: Qur'ani, lugha, hadithi, fiqhi. Kisha akaingia kusoma utabibu katika hospitali ya Nuri pale Damascus, iliyojengwa na Sultani Nuruddin Zengi katika karne ya 12.

Usidhani hospitali ile ilikuwa kibanda cha mganga. Ilikuwa na wagonjwa waliolazwa, dawa, na matabibu waliopita kitanda kwa kitanda na wanafunzi nyuma yao. Mwalimu wake mkubwa alikuwa al-Dakhwar, tabibu aliyesifika Sham nzima. Na mmoja wa waliosoma kwa mwalimu huyo huyo ni Ibn Abi Usaybia, ambaye baadaye aliandika kitabu kikubwa cha habari za matabibu.

Vitabu walivyosoma vilikuwa vya wakubwa wawili. Wa kwanza ni Galen, tabibu Mgiriki aliyezaliwa mwaka 129, Waarabu wakimwita Jalinus. Wa pili ni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, mwenye kitabu cha al-Qanun. Ukitaja majina hayo mawili darasani, mjadala umekwisha. Nani atasimama kumpinga Jalinus? Nani atasema Sheikh Ibn Sina hakupata hapa?

Basi ukapita muda, akahamia Misri, akaishi Cairo mpaka mwisho wa umri wake.

*2. UKUTA USIO NA TUNDU*

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo kilipo kisa chenyewe.

Jalinus alifundisha hivi: chakula kikishasagwa tumboni kinakwenda kwenye ini, na ini linakigeuza kuwa damu. Damu inatoka kwenye ini na kusambaa mwilini, viungo vinaitumia kama shamba linavyonywa maji, inaisha, ini linatengeneza nyingine. Sehemu ya damu hiyo inaingia upande wa kulia wa moyo. Halafu inapita *moja kwa moja* kwenda upande wa kushoto, kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwenye ukuta wa katikati ya moyo. Huko kushoto inachanganyika na hewa, ndiyo inapata uhai.

Zaidi ya miaka elfu moja watu walisoma hivyo na kufundisha hivyo. Ibn Sina naye akaipokea kauli ya vile vitundu.

Mwaka 1242, Ibn al-Nafis akiwa kijana wa miaka kama thelathini hivi, aliandika kitabu cha kufafanua sehemu za al-Qanun zinazohusu maumbile ya mwili. Alipofika kwenye moyo akasimama. Akasema kuwa ukuta ule ni mnene na umeshikana. Hauna tundu la kuonekana, na hauna tundu la kufichika. Damu haiwezi kupita hapo.

Basi inapita wapi? Akajibu kwa mpango ulionyooka: damu inatoka chumba cha kulia cha moyo, inapanda kwa mshipa mkubwa mpaka kwenye *mapafu*, huko inatandazwa na kuchanganyika na hewa, kisha inarudi kwa mshipa mwingine mpaka chumba cha kushoto cha moyo. Na akaongeza kwamba kati ya mshipa unaokwenda na mshipa unaorudi, ndani ya mapafu, lazima pawepo vijia vya kuunganisha.

Hakuwa na hadubini, wala eksirei. Yeye mwenyewe alieleza kuwa sheria, na huruma aliyokuwa nayo, vilimzuia kupasua miili ya wafu. Alisoma maandishi ya waliotangulia, akayapambanisha moja na jingine, akaangalia umbo la kila sehemu na kujiuliza: kiungo hiki kimeumbwa hivi kwa kazi gani? Kama ukuta ni mnene, hauwezi kuwa njia. Kama mshipa mkubwa hivi unakwenda mapafuni, hauwezi kuwa umewekwa bure. Mwenyezi Mungu haumbi mchezo.

Akasema na jambo la pili. Waliomtangulia walifundisha kuwa moyo unakula kutokana na damu inayokaa ndani ya vyumba vyake. Yeye akakataa, akasema moyo unalishwa na mishipa iliyotandaa ndani ya nyama yake wenyewe. Liweke jambo hili akilini, tutalirudia, maana linawahusu watu wengi mtaani kwetu.

*3. WEKA MKONO KIFUANI*

Hebu tuuangalie huo moyo. Waliosoma sayansi shule ya msingi watakumbuka, na ambaye hakusoma naye atafahamu, inshaallah.

Kunja ngumi. Moyo wako una ukubwa wa karibu ngumi hiyo. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 300. Una vyumba vinne: viwili juu vya kupokea, viwili chini vya kusukuma. Upande wa kulia na wa kushoto umetenganishwa na ule ukuta mnene.

Damu iliyozunguka mwilini inarudi imechoka, imebeba hewa chafu, rangi yake nyekundu iliyokoza. Inaingia chumba cha juu kulia, inashuka chumba cha chini kulia, inasukumwa kwenda mapafuni. Kule inaacha hewa chafu unayoitoa puani, na kuchukua hewa safi, yaani oksijeni, ambayo umeivuta sasa hivi. Inarudi nyekundu ya kung'aa, inaingia chumba cha juu kushoto, inashuka chumba cha chini kushoto. Hapo moyo unajikaza kwa nguvu na kuitupa kwenye mshipa mkuu wa ateri, iende kichwani, mikononi, tumboni, kwenye figo, mpaka ncha ya kidole cha mguu.

Njia ile ya kwenda mapafuni na kurudi ndiyo aliyoieleza Ibn al-Nafis mwaka 1242.

Kati ya chumba na chumba kuna vali, yaani vijilango vinavyofunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, vinajifunga isirudi nyuma. Daktari akiweka kipimo kifuani mwako akasikia *du-dup, du-dup*, anasikia milango hiyo ikijifunga. Na ukishika kifundo cha mkono chini ya dole gumba, ule mdundo unaousikia ni wimbi la damu iliyotupwa na moyo sekunde ile ile.

Sasa piga hesabu nami. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, kwa siku moja ni zaidi ya mara 100,000. Ukiwa umetulia, kila dakika unasukuma kama lita 5 za damu, na hizo ni karibu damu yote uliyonayo mwilini. Kwa saa 24 ni kama lita 7,200. Chukua ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo *360*. Kina mama waliowahi kuteka maji kisimani wanajua ndoo 360 maana yake nini! Na hii kazi inafanyika ukiwa umelala, ukiwa unagombana na jirani, ukiwa kwenye sijda, ukiwa kwenye maasi. Hujawahi kuuamrisha hata siku moja.

Unapumzika lini? Unapumzika kati ya pigo na pigo. Pigo zima ni kama sehemu nane za kumi za sekunde, na zaidi ya nusu ya muda huo moyo umelegea unajaa damu. Unafanya kazi kidogo, unapumzika kidogo, unarudia, miaka sabini, themanini. Wenye kukesha kumi la mwisho mjifunze hapo. Ibada ndogo inayodumu ndiyo inayomfikisha mtu.

*4. MTU WA CAIRO*

Turudi kwa sheikh wetu.

Pale Cairo alifundisha fiqhi ya Kishafii katika madrasa ya Masruriyya. Aliandika sharhe ya al-Tanbih, kile kitabu cha fiqhi cha Imam Abu Ishaq al-Shirazi ambacho masheikh wanakifahamu. Aliandika kuhusu elimu ya hadithi. Aliandika pia kisa cha mtu aliyekulia peke yake kisiwani, ambaye kwa kutazama na kufikiri anafika kumjua Muumba, kuelewa haja ya kuletwa mitume, na kukubali kufufuliwa miili. Na upande wa utabibu akapanda mpaka kuwa mkuu wa matabibu wa Misri, na inasimuliwa kuwa alimtibu Sultani Baybars.

Nyakati zenyewe hazikuwa za raha. Mwaka 1258 Wamongolia waliiteka Baghdad na kumuua Khalifa. Mwaka 1260 wakaichukua Damascus, mji aliosomea. Halafu, mwaka huo huo, jeshi la Misri likatoka kuwakabili, na likawashinda pale Ayn Jalut, Palestina. Unajua ilikuwa tarehe ngapi? *25 Ramadhani, mwaka 658 Hijria.* Tarehe kama ya leo. Baybars alikuwa mmoja wa majemadari wa vita vile, na kabla mwaka haujaisha akawa Sultani.

Katika dunia inayoungua namna hiyo, Ibn al-Nafis alikuwa amekaa anaandika. Alianza kitabu cha utabibu alichokiita al-Shamil, akakusudia kiwe majalada 300. Aliwahi kuyasafisha 80. Wanasimulia kuwa alipoandika alichongewa kalamu nyingi kabisa zikawekwa tayari, akaelekeza uso ukutani, akaandika kutoka kichwani bila kufungua kitabu. Kalamu ikichakaa anaitupa, anachukua nyingine asipoteze muda.

Na kuna kisa kingine ambacho wanafunzi wangu wakikisikia hucheka. Alikuwa hamamuni anaoga. Katikati ya kuoga likamjia jambo kuhusu mapigo ya mshipa. Akatoka, akakaa pale pa kuvulia nguo, akaagiza wino, kalamu na karatasi, akaandika risala nzima ya mapigo ya mshipa mpaka mwisho. Alipomaliza, akarudi ndani kumalizia kuoga.

Ndugu yangu, sisi likitujia jambo la kheri tunasema nitalifanya kesho. Na kesho tunasema tena kesho.

*5. KIKOMBE ALICHOKIKATAA*

Mwezi wa Dhul Qaada mwaka 687 Hijria, yaani Disemba 1288, aliugua. Alikuwa mzee wa karibu miaka 80. Matabibu wenzake walipomwona anazidi kudhoofika wakamshauri anywe mvinyo kidogo kama dawa, maana wakati ule ulitumika katika matibabu. Akakataa. Hakutaka kukutana na Mola wake na ndani ya tumbo lake mna ulevi. Akafariki tarehe 21 ya mwezi ule, sawa na tarehe 17 Disemba 1288.

Nyumba yake na maktaba yake alivitoa wakfu kwa hospitali ya Mansuri, iliyojengwa na Sultani Qalawun pale Cairo miaka michache kabla.

Sasa hapa tuelewane, kwa sababu kisa hiki kinaweza kueleweka vibaya, na kikieleweka vibaya kinaua.

Sheikh alikataa *ulevi*. Hakukataa *dawa*. Maisha yake yote aliyatumia kutibu watu na kuandika dawa. Alikuwa faqihi, alijua hukumu ya anachokikataa, na alikuwa tabibu, alijua hali yake ilipofikia. Usichukue kisa chake ukaenda kukataa vidonge vyako.

Nalisema hili kwa sababu kila Ramadhani tunalo. Mtu ana presha miaka saba, ameandikiwa dawa kila siku. Ramadhani ikiingia anaziacha zote, anasema funga ni dawa tosha, au anaona haya kuonekana mgonjwa. Mwili unanyamaza siku tano, siku kumi, naye anadhani amepona. Presha ikipanda haipigi hodi. Siku moja anaanguka kwenye tarawehe, upande mmoja wa mwili umepooza, na safu nzima inavunjika kumbeba.

Presha maana yake nini? Ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Ikizidi muda mrefu, mishipa inachakaa kama mpira wa maji uliofunguliwa bomba lote siku zote. Unaweza kupasuka kichwani, unaweza kuharibu figo, na moyo wenyewe unavimba kwa kusukuma mzigo usio wake.

Na lile jambo la pili nililokuambia uliweke akilini: moyo unalishwa na mishipa yake wenyewe. Umezungukwa na damu ndoo 360 kwa siku, lakini hauli hapo. Unakula kupitia vijishipa vyembamba vilivyoutambaa mwilini mwake. Vikizibwa na mafuta na damu iliyoganda, sehemu ya moyo inakosa hewa, inaanza kufa. Huo ndio mshituko wa moyo. Dalili zake: kifua kubana au kuuma kama kimewekewa jiwe, maumivu kwenda mkono wa kushoto, shingoni au kwenye taya, jasho jembamba, pumzi kukata, kichefuchefu. *Ukiona hivyo usisubiri futari, usiseme ni gesi.* Kimbilia hospitali. Funga utailipa siku nyingine. Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Qur'ani amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na ugonjwa usiotarajiwa kupona una fidia yake. Kumkatalia Mola ruhusa aliyokupa hakukuongezei ucha Mungu.

*6. MIAKA 682*

Halafu kile kitabu kikapatwa na nini?

Kilinakiliwa, na wapo wanazuoni wachache waliokisoma na kuchukua kauli yake. Lakini wengi waliendelea na vitundu vya Jalinus kama vile hakuna aliyesema kitu. Hata yule mwenzake Ibn Abi Usaybia, nakala zinazojulikana zaidi za kitabu chake cha habari za matabibu hazimtaji.

Miaka ikapita. Mwaka 1553, Michael Servetus wa Hispania akaandika kuhusu damu kupita mapafuni. Mwaka 1559 akafuata Realdo Colombo wa Italia. Mwaka 1628 tabibu Mwingereza William Harvey akatoa kitabu kilichokamilisha hesabu. Yeye alipima kiasi cha damu kinachotoka kwenye moyo, akaona kuwa kwa nusu saa tu kinazidi kile ambacho chakula kingeweza kutengeneza. Basi damu haiishi viungoni, inazunguka mwili mzima na kurudi. Hilo Ibn al-Nafis hakulifikia, tuseme haki. Yeye alieleza mzunguko wa mapafu, Harvey akaeleza mzunguko wa mwili. Na mwaka 1661 Marcello Malpighi, Mwitaliano, akatazama mapafu ya chura kwa hadubini, akaviona kwa macho vijishipa vyembamba vinavyounganisha ateri na vena. Vile vijia ambavyo sheikh wa Cairo alisema *lazima viwepo*, miaka 419 kabla.

Mpaka mwaka 1924. Daktari mmoja kijana kutoka Misri, Muhyiddin al-Tatawi, alikuwa anasoma Ujerumani, katika chuo cha Freiburg. Akakutana na nakala ya mkono ya kitabu kile katika maktaba ya Berlin. Akasoma ile sehemu ya moyo, akaelewa kilichomo mbele yake, akaiandikia tasnifu yake. Habari ikaenea kwa wanahistoria, na leo jina la Ibn al-Nafis linatajwa vyuoni dunia nzima.

Toka 1242 mpaka 1924 ni miaka *682*. Karatasi zilikuwa rafuni zimenyamaza.

*7. TUCHUKUE NINI*

*Kwanza*, adabu kwa mwalimu haikuhitaji kufumba macho. Ibn al-Nafis alimsoma Ibn Sina maisha yake yote, akamfupisha, akamsherehesha, akamheshimu. Na pale alipoona ukuta hauna tundu, akasema hauna. Hakutukana mtu. Hakuanzisha kundi. Alitoa hoja yake kwa utulivu akaendelea na kazi. Linganisha na sisi leo: mtu akikuta neno kwa sheikh asilolikubali, jioni limeshakuwa klipu, na msikiti umegawanyika mafungu mawili. Na upande wa pili wapo wanaopokea kila ujumbe uliosambazwa kwenye simu, eti kitunguu fulani kinazibua mishipa ya moyo, bila kuuliza hata mara moja kama ukuta una tundu.

*Pili*, usiwagawe watoto. Kuna mzazi anasema huyu wa madrasa, yule wa shule. Akili nzuri inapelekwa sayansi, iliyobaki inapelekwa chuoni kuhifadhi. Kwa huyu mtu elimu zote mbili zilikaa kifua kimoja, na moja iliinua nyingine. Kuamini kwake kuwa Mungu haumbi kitu bure ndiko kulikomfanya aulize kazi ya kila mshipa. Mtoto wako akikuuliza kwa nini moyo unapiga, usimfukuze. Umeshikishwa mlango wa tauhidi.

*Tatu*, na hili ndilo la usiku huu wa kumi la mwisho: *ikhlasi*. Aliandika kile kipande akijua kuwa wengi hawatakikubali. Alikufa hajasifiwa kwa hilo. Kizazi kikapita, na kingine, na kingine. Lakini haki ilibaki haki ndani ya karatasi, na Mwenye kujua alikuwa anajua. Wewe uliyesimama saa tisa usiku peke yako mkeo hajui, wewe mama uliyelipa deni la jirani kimya kimya, wewe mwalimu unayefundisha alifu na bee kwenye mkeka uliochanika na hakuna anayekutaja, usivunjike moyo. Kama kazi ya mja haikupotea kwa wanadamu baada ya miaka 682, itapoteaje kwa Mola asiyesahau?

*AMALI YA LEO*

✅ Kabla ya futari, kaa dakika moja kimya. Shika mshipa wa mkono wako, hesabu mapigo. Kwa kila pigo sema *Alhamdulillah*.

✅ Kama una presha, kisukari au maradhi ya moyo, ongea na daktari wako leo au kesho. Muulize dawa zipangwe vipi kati ya futari na daku, na kama funga inakufaa au la. Akikwambia usifunge, usifunge.

✅ Mpigie mzazi wako mmoja mzee, muulize dawa ameze lini mara ya mwisho. Usimuulize kwa ukali.

✅ Punguza chumvi na mafuta mezani. Sambusa mbili zinatosha, si lazima sinia liishe.

*DUA*

Ewe Mola wetu, wewe ndiye uliyeupa moyo pigo la kwanza tungali matumboni mwa mama zetu, na wewe ndiye unayejua pigo la mwisho. Zitengeneze nyoyo zetu kwa imani na uzilinde kwa afya. Waponye wagonjwa wetu walioko majumbani na mahospitalini. Warehemu wanazuoni waliotutangulia, waliotajwa na waliosahauliwa. Utufikishe kwenye Laylatul Qadr na utuandikie kheri yake, nasi tukiwa tumeikusudia kwa ajili yako tu. *Aamin, aamin, yaa Rabbal aalamin.*

Mpelekee na mwenzako ujumbe huu, hasa mwenye mzee wa presha nyumbani. Kesho inshaallah, baada ya alasiri, tutazungumzia zakatul fitri: nani anatoa, kiasi gani, na mwisho wake lini.

*Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.*